Ukimwagiza Mhunzi Kisu, Lipia Moto Kwanza

Pofu dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 600. Akianguka saa nne asubuhi, jua la Rungwa likiwa tayari linachoma, wachunaji hawana muda wa kupoteza. Tumbo lifunguliwe bila kutoboa utumbo, nyama ianze kupoa, ngozi itoke nzima na ipakwe chumvi kabla manyoya hayajaanza kunyonyoka. Kazi hiyo yote hufanywa na kisu kidogo cha kiunoni. Kikiwa kizuri, unamaliza mnyama kwa kukigusisha kwenye kinoo mara chache tu. Kikiwa kibaya, unanoa kuliko unavyochuna, mkono unachoka, na mkono uliochoka ndio unaojikata.

Mimi ni mchunaji. Nimeifanya kazi hii katika kambi za uwindaji wa kitalii, Rungwa na Selous, kisha buchani. Hata nikiwa nyumbani kisu hakiniachi: nakata kamba ya ng'ombe, nachinja kuku, nachonga mpini wa jembe. Watu huniuliza wanunue kisu gani. Jibu langu ni moja: nenda kwa mhunzi, ukae naye, akufulie kisu cha mkono wako na kazi yako. Lakini uende ukijua cha kuagiza, maana mhunzi hufua kile alichoelezwa.

Ninazungumzia kisu cha kipande kimoja, si kile cha kukunja. Cha kukunja kina bawaba, na bawaba hujaa damu, mafuta na manyoya. Kukisafisha porini ni shida, na kikilegea kinaweza kujifunga juu ya vidole.

Taja kazi kabla ya umbo

Mwindaji ana kazi tatu za kisu: kuchinja, kufungua tumbo na kuchuna. Kambini, mnyama akianguka, mmoja wetu aliye Mwislamu humkimbilia ili amchinje kabla hajafa, nyama iwe halali kwa wote. Hapo makali yanatakiwa kukata bila kusuasua, kwa sababu kisu butu kinamtesa mnyama, na dini inakataza kumtesa. Kwa shingo ya nyati utataka kisu kirefu, sentimita 18 hadi 20, na hicho hukaa kwenye gari. Cha kiunoni ni kifupi, na ndicho kinachofanya sehemu kubwa ya kazi iliyobaki.

Kwa hicho cha kiunoni, agiza ubapa wa sentimita 9 hadi 11. Sababu ni hii: unapofungua tumbo, kidole cha shahada hupanda juu ya mgongo wa kisu hadi karibu na ncha, kikiongoza makali ili yasizame. Ubapa ukiwa mrefu, kidole hakifiki. Na unapozunguka macho, midomo na masikio ya kichwa kitakachohifadhiwa kama nyara, kila sentimita ya ziada inaongeza nafasi ya kutoboa ngozi.

Unene wa mgongo uwe milimita 3 au zaidi kidogo, ukipungua kuelekea ncha na kuelekea makali. Visu vinene vya milimita 6 hupendeza vikishikwa, na vinaweza kupasulia kuni, lakini kwenye nyama vinasukuma badala ya kukata. Mwambie mhunzi akwangue ubapa kuanzia karibu na mgongoni hadi chini, usibaki na bega nene juu ya makali.

Kuhusu ncha, umbo linalofaa kwa wengi ni lile ambalo mgongo wake unashuka taratibu hadi ncha ikae chini ya mstari wa mgongo. Robert Loveless, mtengenezaji visu wa Marekani aliyefariki mwaka 2010, ndiye aliyelifanya lipendwe sana na wawindaji. Faida yake huonekana tumboni: ncha iliyoshuka haichokoi utumbo. Ncha nyembamba iliyopinda kwenda juu hutoboa haraka, na utumbo ukitoboka umeichafua nyama. Makali nayo yawe na tumbo, yaani yapinde vizuri sehemu ya mbele, kwa sababu hapo ndipo ngozi inapotenganishwa na nyama.

Wengine huniuliza kwa nini wasitumie sime. Sime ya Kimaasai ni chombo cha heshima na ina kazi zake: ni silaha, inafyeka, inakata matawi. Lakini ni ndefu, hupanuka kuelekea mbele, na ina makali pande zote mbili. Mchunaji akitaka kuweka kidole juu ya mgongo, hana mgongo wa kuwekea.

Chuma na moto

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae zaidi, kwa sababu hapa ndipo kisu kinapozaliwa au kufia.

Wahunzi wetu wengi hufua visu kutokana na springi za magari. Ni chaguo zuri. Aina ya chuma inayotumika sana kwenye springi hizo huitwa 5160, nayo ina kaboni karibu asilimia 0.6 na kromiamu kidogo. Kaboni hiyo inatosha kukifanya chuma kiwe kigumu, na chuma chenyewe hakivunjiki ovyo. Wengine hutumia tupa kuukuu, ambazo zina kaboni nyingi zaidi, au vyuma vya beringi kubwa. Nondo ya kawaida ya ujenzi haifai. Kaboni yake ni ndogo mno, na hata uipashe namna gani haitashika makali ya kazi.

Springi iliyokwisha kutumika ina hatari moja: inaweza kuwa na nyufa ndogo zisizoonekana kwa macho, zilizotokana na miaka ya kupigwa na mashimo ya barabara. Mwombe mhunzi kwanza achukue kipande kidogo cha chuma hicho hicho, akipashe, akipoze ghafla, kisha akivunje kwa nyundo. Chembe za ndani zikiwa laini, za rangi ya kijivu iliyokolea, mambo ni mazuri. Zikiwa kubwa na zinametameta, ama chuma ni kibaya, ama moto ulizidi.

Sasa moto wenyewe. Mhunzi hukipasha kisu kilichokwisha kupata umbo mpaka kiache kushika sumaku, karibu nyuzijoto 770, kisha hukiongezea kidogo tu. Kwa 5160 huwa ni kama nyuzi 830. Mhunzi mwangalifu hufanya hivyo kivulini au jioni, kwa sababu rangi ya chuma chenye moto haisomeki juani. Halafu hukizamisha kwenye mafuta yaliyopashwa kidogo, si kwenye maji. Maji hupoza kwa kasi mno, na chuma cha springi kinaweza kupasuka papo hapo. Mafuta ya kula yanafaa. Oili chafu ya injini hutumika sana, lakini moshi wake ni sumu kwa mhunzi mwenyewe, na ni vema mteja akagharamia mafuta safi.

Kisu kikitoka hapo ni kigumu sana na kinaweza kuvunjika kikianguka sakafuni. Kwa hiyo lazima kirudi kwenye joto dogo, karibu nyuzi 200, kwa saa mbili, kipoe, kisha kirudiwe tena. Asiye na tanuri hutazama rangi: makali yakigeuka manjano ya majani makavu, basi. Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wenye haraka, na haionekani kwa macho kisu kikishang'arishwa. Ukubwa wa ugumu hupimwa kwa kipimo cha Rockwell, na kisu cha uwindaji hukaa vizuri kwenye 57 hadi 59. Wahunzi wengi hawana mashine hiyo, lakini wana tupa. Kisu kikitoka kwenye mafuta, tupa mpya iteleze juu ya makali bila kushika. Kikishapitia joto dogo, tupa ishike kwa shida.

Kuna pia chuma kisichoshika kutu, ambacho lazima kiwe na kromiamu angalau asilimia 10.5. Mvuvi wa Kilwa au Lamu, anayeishi na hewa ya chumvi, akikipata atanufaika nacho. Ila chuma kama 440C kinadai tanuri la umeme linalofika zaidi ya nyuzi 1,000 na kudhibitiwa kwa usahihi. Kwa moto wa makaa na mivukuto, mhunzi hodari na springi ya kawaida watakupa kisu bora kuliko chuma ghali kilichochomwa kwa kubahatisha. Kwa hiyo fedha zako zilipie moto kwanza, urembo baadaye.

Wala tusifikiri ujuzi huu ni wa kuazima. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science ushahidi kwamba huko Kagera, katika nchi ya Wahaya, watu walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Mamba, karibu na Marangu, wahunzi wa Kichagga bado wanafua mikuki inayobebwa na Wamaasai. Upareni, ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo.

Mpini wa mkono wako

Chuma kiende hadi mwisho wa mpini, kionekane pande zote, na vipande viwili vya mti vibanwe kwa pini za shaba na gundi ya epoksi. Kisu cha namna hiyo hakichomoki kwenye mpini hata ukikikandamiza kwenye kiungo cha goti la pofu.

Mpini uwe na umbo la yai, si wa mviringo. Mviringo hugeuka mkononi, na ukishateleza kwa damu hujui makali yanatazama wapi. Mwekee mhunzi kiganja chako mezani akipime, kwani wengi wetu tunahitaji sentimita 11 hadi 12. Mbele pawe na kizuizi kidogo cha kukinga kidole kisitelezee kwenye makali. Usiagize mabonde ya vidole, kwa sababu mchunaji hubadilisha mshiko kila dakika, na mabonde hayo hufaa mshiko mmoja tu.

Mpingo ni mzuri sana kwa mpini: ni mzito kiasi cha kuzama majini, na haunyonyi damu kirahisi. Lakini hukauka polepole mno, na mbichi ukitumika hupasuka. Uliza umekaushwa kwa muda gani. Mninga ni mwepesi na rahisi kuchonga. Pembe ya ng'ombe nayo inafaa. Pembe ya ndovu usiiguse. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka 1989, na hakuna kisu kinachostahili uhai wa tembo.

Ala, matunzo na sheria

Watu hutumia fedha zote kwenye kisu, kisha ala ikashonwa kwa ngozi ya viatu vikuukuu. Ala mbaya inakata mapaja. Agiza ngozi nene ya ng'ombe, milimita 3 hadi 4, na kati ya mshono uwekwe ukanda mwingine wa ngozi, ili makali yakutane na ngozi kabla ya kufikia uzi. Ala iwe ndefu, imeze karibu nusu ya mpini, na chini pawe na tundu la kutolea maji.

Ukimaliza kazi, osha kisu, kifute kikauke, kipake mafuta ya nazi. Usikihifadhi ndani ya ala, kwa sababu ngozi hushika unyevu na chuma kitapata kutu. Noa mapema, kabla hakijafa makali, kwa pembe ya nyuzi 20 hivi kila upande, na mikono itulie usiibadilishe pembe.

Kisu hakikupi ruhusa ya kuwinda. Tanzania inataka leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977; huko kisu hiki kitamtumikia mfugaji, mvuvi na mwenye bucha. Ukienda mjini, stendi au kwenye mkutano, kiache nyumbani. Ukipanda ndege, kiwe kwenye mzigo unaoingia chini, si mkononi.

Nawaomba wasomaji jambo moja. Mkimpata mhunzi anayejua moto wake, msimwombe bei ya kisu cha mnadani. Mpeni muda wa kukipasha kisu kama inavyopasa, mlipeni jasho lake, na mwambieni mwenzenu anapofanyia kazi. Wazee wanaoijua kazi hii wanapungua, na kijana hataishika nyundo kama hailishi nyumba yake.