Tanganyika: Jukwaa la chuo laweza kuwa kazi, lakini nani anafunguliwa mlango?

Watu wa Piana-Mwanga, kwenye maporomoko ya mto Luvua katika jimbo la Tanganyika, wanajua maana ya kazi inayokuja na kuondoka. Kituo cha umeme kilichojengwa pale miaka ya 1930 na kampuni ya Géomines kilikuwa na shabaha moja: kupeleka umeme kwenye mgodi wa bati wa Manono. Mgodi ulishuka, vita vikapita, mitambo ikanyamaza. Leo jina la Piana-Mwanga linatajwa tena kwa sababu ya lithiamu ya Manono, na vijana wanangoja kusikia kama kazi itarudi.

Kwa vijana wengi wa huko, kazi ni ile inayotoka ardhini, majini au shambani. Ngoma, kuimba, kuchonga na kuchora ni mambo ya harusi, matanga na kanisa. Wachache wanafikiri kwamba ujuzi huo unaweza kumpa mtu mshahara ndani ya chuo kikuu.

Hata hivyo, vyuo ni kati ya sehemu zinazohitaji wasanii kila mwaka. Iwe Kalemie, Lubumbashi au Bukavu, mwaka wa masomo hufunguliwa kwa sherehe na kufungwa kwa kolasyo, siku ambayo wahitimu huvaa joho mbele ya wazazi wao. Katikati kuna siku za milango wazi, makongamano na mapokezi ya wageni wa serikali. Kila mara huitwa kwaya, kikundi cha ngoma au waigizaji. Mara nyingi wanacheza, wanapigiwa makofi, wanapewa soda na pesa kidogo ya usafiri, wanarudi nyumbani. Mwaka unaofuata wanaitwa tena kwa masharti yaleyale.

Je, jukwaa la chuo linaweza kumpa msanii kazi ya kudumu? Historia ya Lubumbashi na ile ya Bagamoyo, ng'ambo ya ziwa, zinajibu kwamba inawezekana. Tena katika miji yote miwili, watu wa kwanza kuajiriwa hawakuingia kwa sababu ya karatasi. Waliingia kwa sababu ya walichojua kufanya.

Lubumbashi: fundi wa rangi akawa mwalimu

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés, aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la majini, alifungua karakana ya uchoraji mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Watu waliiita Le Hangar. Hakuwafundisha vijana waliokuja kuiga picha za Ulaya. Aliwapa rangi na karatasi, akawaambia wachore walichokijua wenyewe.

Kati yao alikuwa Pili Pili Mulongoy, aliyekuwa fundi wa kupaka rangi majengo. Alichora samaki, ndege, nyoka na majani, akijaza nafasi iliyobaki kwa nukta ndogo ndogo. Mwingine, Mwenze Kibwanga, alijenga picha zake kwa mistari mifupi iliyopangwa kama ufumaji wa mkeka. Wa tatu alikuwa Bela, mzaliwa wa upande wa Chad, aliyekuwa mtumishi wa nyumbani wa Romain-Desfossés mwenyewe. Huyo alichora kwa ncha za vidole, bila brashi.

Mwaka 1951 mchoraji Mbelgiji Laurent Moonens alianzisha akademi ya sanaa katika mji huohuo. Romain-Desfossés alipofariki mwaka 1954, karakana yake ikaunganishwa na akademi hiyo, na wachoraji wa Hangar wakaingia humo kufundisha. Fundi wa rangi za kuta akasimama mbele ya wanafunzi. Picha za wachoraji hao sasa zimo katika makumbusho na katika mikusanyo ya watu binafsi barani Ulaya.

Ni kweli kwamba hayo yalitokea chini ya ukoloni, na aliyeamua nani aingie na nani abaki nje alikuwa Mzungu. Lakini njia iliyotumika bado ina maana: kazi ya mtu ilionekana kwanza, ajira ikafuata.

Bagamoyo: wachezaji wa taifa wakawa walimu

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Katika miaka ya 1960, serikali ya Tanzania chini ya Julius Nyerere iliunda kikundi cha taifa cha ngoma. Wapigaji na wachezaji walikusanywa kutoka mikoa mbalimbali, wakalipwa na serikali. Baadaye kikundi hicho kilivunjwa. Badala ya kuwaacha wasanii wake warudi vijijini mikono mitupu, serikali ilifungua Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, na baadhi ya wasanii hao wakawa walimu wake.

Anayejulikana zaidi kati ya waliofundisha hapo ni Hukwe Zawose, Mgogo wa upande wa Dodoma, mpigaji wa ilimba na zeze. Muziki aliurithi nyumbani, kwa baba yake. Alifundisha Bagamoyo, akaizunguka dunia na ala zake, akatoa albamu na lebo ya Real World ya Uingereza, kati yake Chibite ya mwaka 1996. Alifariki Bagamoyo mwezi wa Desemba 2003. Watu wa ukoo wake wanaendelea na kazi hiyo.

Tangu mwaka 2007 chuo hicho ni wakala wa serikali, kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, au TaSUBa. Kinafundisha ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi hadi ngazi ya diploma. Kila mwaka huandaa tamasha la kimataifa, ambalo kwa kawaida hufanyika kati ya mwisho wa Septemba na Novemba. Vikundi hutoka mikoa ya Tanzania na nchi za nje. Wanafunzi nao hupanda jukwaani mbele ya umma, si mbele ya walimu wao peke yao.

Tamasha kama hilo lina kazi nyingi ambazo mtazamaji hazioni. Kuna anayeshona mavazi na anayezitunza ngoma zisipasuke. Kuna fundi wa taa, fundi wa sauti, seremala wa jukwaa, anayeandika programu, anayepokea wageni, anayepika, anayelinda mlango na anayeshika hesabu. Kwa kijana anayejua umeme, jenereta ya jukwaani ni kazi sawa na jenereta ya mgodini.

Makerere: chuo kilipokwenda kijijini

Si kila mara kijiji ndicho kinachosafiri kwenda chuoni. Mwaka 1965, Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianzisha kikundi cha maigizo cha kusafiri, mwalimu David Cook akiwa kati ya waanzilishi wake. Wanafunzi walipanda gari, wakazunguka Uganda na Kenya wakicheza mashuleni, viwanjani na popote palipopatikana nafasi. Walicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwa mojawapo, na watu hawakulipishwa.

Kwa jimbo kama Tanganyika, mfano huo una uzito. Kutoka Piana-Mwanga hadi Kalemie barabara ni ngumu na nauli ni kubwa. Sherehe ya chuo inayobaki ndani ya ukuta wa chuo haimfikii kijana wa Luvua. Kikundi cha wanafunzi kikifika Manono au Ankoro, kinaweza kumkuta huko mpiga ngoma ambaye chuo hakijawahi kumsikia.

Mlango wa leo: diploma, matricule na prime

Sanaa ya eneo hili haikungoja chuo. Katika karne ya 19, mchongaji mmoja wa upande wa Buli, ambaye wataalamu wengi wanamtambua kwa jina la Ngongo ya Chintu wa kijiji cha Kateba, alichonga viti vya machifu vinavyobebwa na umbo la mwanamke mwenye uso mrefu na mikono mikubwa. Kimoja kipo Metropolitan Museum mjini New York. Kazi nyingine za mkono huo ziko katika makumbusho ya Ulaya. Vyuo vikuu vya dunia vinaandika vitabu juu yake.

Lakini kama mchongaji huyo angepeleka leo barua ya kuomba kazi katika chuo kikuu cha serikali nchini Kongo, angeulizwa kwanza diploma. Kuwa asistenti kunahitaji masomo ya chuo kikuu yenye matokeo mazuri, kisha ngazi zinafuatana: shefu wa travo, profesa msaidizi, profesa, profesa ordinaire. Upande wa pili kuna wafanyakazi wa ofisi, mafundi na vibarua, wanaojulikana kama PATO. Kwa mtu mwenye ufundi wa mikono lakini asiye na shahada, huo ndio mlango ulio karibu.

Hata baada ya kuingia, kuna ngazi nyingine. Kuandikwa kazini na chuo si sawa na kulipwa na serikali. Mpaka mtu apate namba ya matricule na jina lake liingie katika orodha ya mishahara ya Kinshasa, jambo linaloitwa mecanisation, anaishi kwa prime ya chuo. Prime hiyo hutoka kwa sehemu kubwa katika pesa wanazolipa wanafunzi. Wazazi wakichelewa kulipa, prime nayo inachelewa. Wako wafanyakazi wa vyuo nchini waliongoja matricule kwa miaka mingi.

Kwa hiyo kijana anayetafuta kazi ya sanaa chuoni ana njia tatu. Ya kwanza ni ya diploma: kusomea sanaa katika shule ya sanaa ya Lubumbashi, au Kinshasa kwenye Académie des Beaux-Arts, iliyoanza mwaka 1943, na Institut National des Arts, kisha kurudi kufundisha. Ya pili ni ya ufundi, kupitia PATO. Ya tatu ni ya mkataba: kuitwa kwa tamasha moja au kwa masaa kadhaa ya mafundisho, na kulipwa kwa kazi hiyo tu. Njia ya tatu ndiyo iliyo wazi zaidi, na ndiyo ambayo watu hudanganywa zaidi.

Kabla ya kupanda jukwaani

Chuo kikiita kikundi, ni vizuri makubaliano yawe kwenye karatasi hata kama ni ukurasa mmoja: siku, saa, idadi ya watu, pesa, nani analipa usafiri na chakula, na nani anabeba hasara kama ngoma ikipasuka au vazi likipotea. Malipo yajulikane kabla ya siku ya sherehe. Baada ya makofi, wakubwa huwa wamekwisha kupanda magari.

Nafasi za kazi za chuo hubandikwa kwenye valve, ule ubao wa matangazo, na barua za kazi hupitia kwa katibu mkuu wa utawala au katibu mkuu wa masomo kulingana na aina ya kazi. Mtu akileta habari ya nafasi kwa simu tu na kuomba pesa ya faili, aulizwe tangazo liko wapi na nani alilitia sahihi. Mwenye barua ya kuajiriwa naye aulize mapema: ni prime ya chuo au ni mshahara wa serikali? Faili yake imetumwa Kinshasa au imebaki kwenye kabati?

Anayetaka kwenda kwenye tamasha la Bagamoyo aanze maandalizi miezi kadhaa kabla. Kutoka Kalemie huvukwa ziwa hadi Kigoma, kisha kuna reli ya zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar es Salaam, na Bagamoyo iko kama kilomita 70 kaskazini mwa jiji hilo. Hati za kusafiri ziulizwe kwa idara ya uhamiaji, DGM, kabla ya kununua tiketi. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halimwondolei msafiri haja ya hati zake.

Viongozi wa vyuo nao wana mambo wanayoweza kuyafanya bila kungoja Kinshasa. Wanaweza kuandika majina ya wasanii kwenye programu ya kolasyo kama wanavyoandika majina ya maprofesa. Wanaweza kumwita mzee anayejua kutengeneza ngoma afundishe kwa masaa, na kumlipa masaa hayo. Wanaweza kumchukua fundi wa sauti mmoja kwa mwaka mzima badala ya kukodi vyombo kila sherehe. Na wanaweza kuweka, kwenye bajeti ya kila sherehe, mstari mmoja wenye jina lake: malipo ya wasanii. Mahali ambapo mstari huo haupo, soda ndiyo itakayoendelea kuwa mshahara.