Jiko la mboga Saigon, na swali aliloliuliza binti yetu

Msafiri Muislamu katika nchi isiyo ya Kiislamu huwa na hesabu mbili kila siku: hesabu ya nyakati za swala na hesabu ya chakula. Ya kwanza ina wepesi wake, kwani msafiri ameruhusiwa kupunguza na kukusanya. Ya pili ndiyo inayotutoa jasho, na wengi wetu tumezoea kuimaliza kwa neno moja: "Tutakula mboga tu." Nasi, tulipokuwa tukifunga mizigo Dar es Salaam kwenda Vietnam, ndivyo tulivyomwambia binti yetu wa miaka 13. Hatukujua kwamba neno hilo lingetuzalia maswali kuliko majibu.

Safari ilikuwa ya kikazi. Vietnam hununua korosho ghafi kutoka nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwamo, na mmoja wetu alikuwa na shughuli ya wiki mbili katika mji wa Ho Chi Minh, ambao wenyeji wengi bado wanauita Saigon. Ilikuwa likizo ya shule, tukaona twende sote.

Siku ya kwanza tuliutafuta msikiti. Katika mtaa wa Dong Du, katikati ya mji, upo msikiti uliojengwa mwaka 1935 na Waislamu wenye asili ya India, nao leo umezungukwa na mahoteli marefu. Baada ya swala ya Adhuhuri tulisalimiana na mzee mmoja wa Kicham. Wacham ni kizazi cha watu wa ufalme wa kale wa Champa, na Waislamu wao wengi wanaishi jimbo la An Giang, katika delta ya mto Mekong. Ni Sunni wa madhehebu ya Shafi, kama tulivyo sisi watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Tulipomweleza kwamba tumeamua kula mboga tu, mzee alitabasamu, akatuambia kwa Kiingereza chake cha taratibu: "Msiulize tu kama ndani ya chakula mna nyama. Ulizeni jana kikaango kilipika nini."

Maneno yake yana msingi. Sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (RA) alimuuliza Mtume (SAW) kuhusu kula katika vyombo vya Ahlul-Kitabu. Jibu, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba wakipata vyombo vingine wasivitumie vile. Wasipopata, wavioshe kisha wale humo. Na katika madhehebu yetu, kauli mashuhuri inamhesabu nguruwe kuwa najisi nzito, na chombo kilichoingiwa na najisi hiyo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa tufikirie kikaango kilichokaanga nyama ya nguruwe asubuhi, kisha mboga za majani mchana. Isitoshe, yapo majiko ambayo mafuta ya nguruwe ndiyo mafuta ya kukaangia mboga hizo hizo. Mboga ni halali, kilichozizunguka sicho.

Ndipo tulipojifunza neno la Kivietnamu ambalo kila msafiri Muislamu atanufaika kulijua: chay. Ni chakula kisicho na nyama wala samaki, kinachofuata desturi ya Wabudha wa nchi hiyo. Watawa wao hula hivyo maisha yote. Watu wa kawaida walio wengi hufanya hivyo siku ya kwanza na ya 15 ya mwezi wa kalenda yao ya mwandamo, na siku hizo migahawa yenye kibao cha chay hujaa. Tuliona kwamba jiko ambalo halijawahi kuingiza nyama ni salama zaidi kwetu kuliko jiko la nyama lenye sahani ya mboga. Tukamtafuta mwalimu wa mapishi ambaye yeye mwenyewe ni mtu wa chay, tukamuuliza kabla ya kulipa chochote: "Je, vyombo vyako vimewahi kupika nyama?" Akajibu kwamba amevinunua vyote baada ya kuacha nyama, na kwamba hata watoto wake wakitaka kuku hula nje.

Binti yetu alikuwa kimya njia nzima. Tulipomuuliza ana nini, alisema: "Mama, kila tunapokwenda tunauliza, tunauliza. Watu wanatuona wagumu." Tulimjibu haraka haraka kwamba dini haina aibu. Lilikuwa jibu sahihi, lakini halikumfikia, nasi tuliliona usoni mwake.

Darasa lilianzia sokoni, saa mbili asubuhi. Mwalimu wetu, mama wa makamo, alituambia tumwite Cô, neno lenye maana ya shangazi ambalo pia ndilo wanalomwitia mwalimu wa kike. Alituonyesha mafungu ya majani mabichi: nanaa, rehani, kotmiri, mchaichai, na jani waliitalo tía tô, ambalo juu ni kijani na chini ni zambarau. Mvietnamu hali majani haya kama pambo la sahani. Huyala kwa konzi, pamoja na kila tonge. Tuliona ua la mgomba linavyochambuliwa kwa kachumbari, na fenesi changa linavyopikwa kama mboga, ilhali kwetu fenesi husubiriwa mpaka liive. Tuliona tofu ikiwa bado ya moto. Soya husagwa, maziwa yake yakachujwa na kuchemshwa, yakagandishwa na kukamuliwa maji hadi yawe kipande cha kukatika kwa kisu.

Kibanda kimoja kiliuza vyakula vya soya na ngano vilivyoigiza umbo na jina la nyama ya nguruwe. Binti yetu akauliza: je, jina la haramu linaharamisha cha halali? Tulimwambia kwamba hukumu hufuata kilichomo, lakini halitulazimu jambo kununua kila kilicho halali. Tukapita.

Jikoni tulikuta jambo jingine. Hapakuwa na kitunguu maji wala kitunguu saumu. Cô alieleza kwamba wafuasi wa chay wanaoshika desturi kikamilifu huviacha vitunguu vya kila aina, kwa sababu wanaamini vinasumbua utulivu wa moyo. Sisi hatuamini hivyo, na vitunguu kwetu ni halali. Lakini tulikumbuka kwamba Mtume (SAW) alimkataza aliyekula kitunguu kibichi au kitunguu saumu asiukaribie msikiti, kwa ajili ya harufu inayowaudhi walio pembeni yake. Tulipomsimulia Cô, alicheka na kusema hakudhani kuna watu wengine duniani wanaofikiria kitunguu na ibada kwa pamoja.

Chakula kikuu cha siku hiyo kilikuwa bánh xèo. Tulipoona unga wa mchele ukichanganywa na tui la nazi, tulitazamana. Ni kama mwanzo wa vibibi na mkate wa kumimina! Tofauti ni kwamba hapa hakuna sukari wala hamira: kuna manjano na chumvi, na uji wake ni mwepesi, hutandazwa mwembamba kwenye kikaango chenye moto mkali. Jina lenyewe, alisema Cô, linaiga mlio wa uji unapogusa kikaango: xèo!

Tulikuwa tumekwisha kukata uyoga na tofu kwa ajili ya kujazia ndani. Cô akanyoosha mkono kwenye rafu, akachukua chupa ndogo yenye maji meupe, akafungua kifuniko ili anyunyizie uyoga.

Hapa tukiri jambo. Sisi wazazi tuliiona chupa ile, na kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba inapaswa kuulizwa. Lakini tulikuwa tumeuliza mengi tangu jana. Mama yule alikuwa amejibu yote kwa uso mkunjufu, na tuliona haya kumrudisha tena kwenye maswali, ndani ya jiko lake mwenyewe. Pengine ni siki, tulijiambia. Tukanyamaza.

Aliyezungumza ni binti yetu. "Cô, samahani. Ni nini hicho?"

Cô alisimama, mkono ukiwa hewani. Akainusa chupa kana kwamba anaikuta kwa mara ya kwanza. "Ni pombe ya mchele," alisema. "Huondoa harufu ya uyoga. Nimezoea mno hata sikufikiri." Akaifunga, akairudisha rafuni, akachukua tangawizi badala yake.

Binti yetu aliomba radhi kwa kumsumbua. Jibu la Cô ndilo lililotufanya tuandike makala haya. Alisema kwamba yeye naye, anapokula nje, huuliza kila mara kama mboga imetiwa nước mắm, yaani maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi kwa miezi mingi, ambayo kwa Mvietnamu huingia karibu kila chakula. Dada zake wamechoka naye. "Lakini anayeniuliza," alisema, "najua kwamba ana kitu anachokitunza."

Binti yetu hakusema neno. Alichukua kisu akaendelea kukata tangawizi, na tangu hapo hatukumsikia tena akilalamika kwamba tunauliza.

Tulikula saa sita, tukiwa tumeketi na Cô meza moja. Bánh xèo hukatwa kipande, kikafungwa ndani ya jani la saladi pamoja na nanaa na rehani, kikachovywa kwenye sosi ya soya yenye ndimu, pilipili na sukari kidogo. Matunda yaliyowekwa kwenye meza ya ibada ya nyumba ile hatukuyagusa, naye hakutukaribisha hayo. Alitukatia embe alilolinunua sokoni. Kisha akatuambia kwamba siku hiyo ilikuwa tarehe 15 ya mwezi wao. Binti yetu akahesabu kwa vidole: kwetu ilikuwa tarehe 13. Mwezi wao huanza siku ambayo jua na mwezi hukutana angani, nasi husubiri hilali ionekane jioni, ndiyo maana tuko nyuma yao kwa siku moja au mbili. Akamweleza Cô kwamba tarehe 13, 14 na 15 ndizo Siku Nyeupe, Ayyamul-Bidh, ambazo Waislamu husuniwa kufunga.

Tusieleweke vibaya. Uislamu haukutuharamishia nyama iliyochinjwa kisheria, na Qur'ani katika Suratul-Maida inatukataza kuyaharamisha mazuri tuliyohalalishiwa. Hatukurudi tukiwa watu wa chay. Tumerudi na jiko lililoongezeka, pamoja na elimu ambayo tulidhani tayari tunayo.

Kwa akina mama na akina baba wanaotaka kujaribu, kipimo cha watu wanne ni hiki. Chukua vikombe viwili vya unga wa mchele, kikombe kimoja cha tui zito, vikombe viwili na nusu vya maji, kijiko kidogo cha manjano na chumvi kiasi. Koroga hadi uji uwe mwepesi, uuache nusu saa. Kaanga uyoga na tofu kwa tangawizi na chumvi, weka pembeni. Pasha kikaango kwa moto mkali, tia mafuta kidogo, koroga tena uji, mimina upawa mmoja na uzungushe kikaango ili utandae. Juu yake weka uyoga, tofu na choroko zilizochipua. Funika dakika mbili, funua, acha hadi kingo zikauke na kuachia, kisha kunja katikati. Usigeuze, na usiharakishe: ukiutoa kabla haujakauka, utakatika.

Na kwa familia inayosafiri, tuna mambo matatu. Kwanza, tafuteni jiko lisilopika nyama kabisa kabla ya kutafuta sahani isiyo na nyama. Pili, ulizeni kuhusu vitu vinne kwa majina: vyombo, mafuta, pombe ya kupikia na supu iliyotumika, kwani swali la jumla hupata jibu la jumla. Tatu, ulizeni mapema na kwa upole, kabla ya moto kuwashwa, na waacheni watoto wasikie mnavyouliza. Mtoto hujifunza adabu ya swali kama anavyojifunza adabu ya kula.

Wiki mbili baada ya kurejea, tulipika bánh xèo nyumbani kwa ajili ya bibi na mashangazi. Sosi ya soya tuliinunua dukani hapa hapa mjini. Tulikuwa tumekwisha kuishika chupa ili tuifungue, binti yetu akaichukua mikononi mwetu, akaigeuza, akasoma maandishi madogo ya nyuma kwa sauti: maji, soya, ngano, chumvi, na mwisho kabisa, alkoholi. Akaiweka mezani, akachukua ndimu na chumvi. Hakuna aliyemwambia kwamba ni mgumu.