Kabla hujapulizia dawa sukuma wiki, geuza jani kwanza

Umetoka asubuhi kuchuma sukuma wiki, unageuza jani, unakuta vidukari wamejaa mpaka jani limejikunja. Wazo la kwanza ni kukimbilia dawa. Subiri kidogo, angalia tena jani hilohilo.

Ukiona nyuzi nyembamba kama nywele zimesimama, kila moja ina kitone cheupe au cha kijani kwenye ncha, usizifute. Sio ugonjwa. Ni mayai ya mdudu anayekula vidukari.

Mama yao huenda unamjua. Ni yule mdudu mwembamba wa kijani anayekuja kwenye taa usiku, mabawa yake kama neti, macho yanang'aa kama dhahabu. Wataalamu wanamwita Chrysoperla.

Kwa nini mayai yako juu ya nyuzi? Sababu watoto wake ni walafi. Anayeanguliwa kwanza angeanza na ndugu zake! Uzi pia unayakinga na sisimizi.

Na kazi yote anaifanya huyo mtoto. Ni kidogo, rangi ya kahawia, ana taya mbili zilizopinda kama koleo, zenye uwazi ndani kama mrija. Anamchoma kidukari, anamwingizia maji ya kumlainisha, kisha anamfyonza mpaka libaki ganda tu. Kwa wiki 2 hadi 3 za utoto wake anaweza kumaliza vidukari zaidi ya 100. Inzi weupe na utitiri nao hawaponi.

Sasa shida iko hapa: dawa nyingi hazichagui, zinaua adui na mlinzi pamoja. Vidukari wachache wanaobaki wanaongezeka haraka, maana jike anazaa bila dume. Mlinzi anahitaji wiki kadhaa kukua. Ndiyo maana unapulizia leo, baada ya muda mfupi wamerudi wengi kuliko mwanzo.

Ufanye nini?

• Vidukari wakiwa wachache, waponde kwa vidole au waoshe kwa maji, ila jani lenye mayai liache.

• Acha mashina machache ya dania yatoe maua. Wadudu wakubwa wanakula chavua na maji matamu ya maua.

• Zuia sisimizi. Wanawalinda vidukari ili walambe utamu wao.

• Ukilazimika kutumia dawa, pulizia mche ulioshambuliwa tu, sio bustani nzima.