Kabla ya Kuuza Ng'ombe kwa Ajili ya Chuo Kikuu

Zamani katika vijiji vyetu vya Olbalbal mtoto aliyemaliza darasa la saba alihesabiwa kuwa msomi. Siku hizi wako vijana wetu, wa kiume na wa kike, wenye shahada ya kwanza ya chuo kikuu. Baadhi yao hawataki kukoma hapo. Wataka shahada ya pili, kisha ya udaktari, ili wawe waalimu wa chuo kikuu. Na wengine huchagua somo linalowashangaza wazee: nadharia ya siasa.

Wazee huuliza, "Siasa nayo husomwa? Si maneno ya majukwaani tu?" Swali hilo lafaa lijibiwe kwa heshima, maana wanaouliza ndio watakaotoa ng'ombe.

Nadharia ya siasa si elimu ya kutafuta kura. Ni elimu ya kupima mawazo juu ya utawala. Kwa nini mmoja aamuru na mwingine atii? Sheria ipi ni ya haki? Ardhi ni ya nani, na nani ana neno la mwisho juu yake? Wayunani Plato na Aristotle waliyafikiri hayo kabla ya kuja kwa Bwana wetu. Baadaye Mtakatifu Augustino na Mtakatifu Thoma wa Akwino waliyafikiri kwa mwanga wa imani.

Maswali haya hayako mbali na boma zetu. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro liliwekewa sheria yake, watu na mifugo yao wakae pamoja na wanyama wa porini. Tangu mwaka huo hata leo, mazungumzo juu ya nani aamue habari za ardhi hii hayajakwisha. Tena mwaka 1991 Serikali ilipounda Tume ya Rais ya kuchunguza mambo ya ardhi katika nchi nzima, uenyekiti alipewa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Profesa Issa Shivji. Basi msomi wa mambo ya haki na utawala aweza kuwafaa hata wachungaji wa bondeni.

Lakini kufaa kwa somo ni jambo moja, na kuchagua mahali pa kulisoma ni jambo lingine. Kijana aliyechagua vibaya aweza kupoteza miaka mitano au saba, akarudi na deni, bila kazi, na zizi la baba yake limepungua. Watu wengi huchagua chuo kwa kuwa jina lake ni kubwa. Haifai. Jina la chuo halimfundishi mtu, wala halimlishi. Yako mambo manne ya kuuliza kwanza.

KAZI IKO WAPI?

Anayetaka kuwa mwalimu wa chuo kikuu lazima ajue mapema ya kuwa nafasi ni chache. Vyuo vyetu, kama Dar es Salaam na Dodoma, hufundisha sayansi ya siasa, lakini idara moja haihitaji waalimu wengi wa nadharia. Waweza kuwa mmoja au wawili, nao hukaa kazini miaka mingi. Hata Marekani, kwenye vyuo vingi mno, nadharia ni tawi dogo la sayansi ya siasa, na wanaohitimu ni wengi kuliko nafasi.

Kwa hiyo kijana asijifunge katika kamba moja. Pamoja na nadharia, ajifunze tawi la pili analoweza kufundisha: utawala wa serikali za mitaa, au siasa za nchi za Afrika, au sheria za ardhi. Idara ndogo humpenda mwalimu anayeweza kufundisha masomo mawili.

Kisha atazame cheti chake. Matangazo ya kazi za ualimu katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania yamezoea kudai wastani wa 3.8 kati ya 5 katika shahada ya kwanza, na 4.0 katika shahada ya pili. Mwenye wastani wa 3.2 na aambiwe ukweli huo leo, asije akaujua akiwa na miaka 35. Hakatazwi kusoma. Lakini ajue ya kuwa mlango huo ni mwembamba kwake, atafute na milango mingine, kama vyuo vya binafsi, kazi za utafiti, au mashirika ya haki za watu.

Wako waliokataliwa wakafika mbali. Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alipata daraja la tatu katika mtihani wa Cambridge, na Makerere haikumpokea. Alipopata nafasi ya kwenda Uingereza alifanya bidii, akapata shahada ya kwanza Manchester mwaka 1960, ya pili Columbia huko Marekani mwaka 1961, na udaktari Oxford mwaka 1966. Makerere ile ile iliyomkataa ikamfanya profesa wake wa sayansi ya siasa. Habari hiyo yatia moyo. Hata hivyo kanuni za siku zake si za leo, na wasomi walikuwa wachache.

NANI ATAMFUNDISHA?

Katika shahada ya udaktari mwanafunzi hukaa miaka chini ya msimamizi mmoja. Huyo ndiye atakayesoma maandiko yake, atamsahihisha, na mwishoni atamwandikia barua za kuombea kazi. Kuchagua msimamizi ni jambo kubwa kuliko kuchagua mji.

Mtakatifu Thoma mwenyewe atufundishe. Alikuwa kijana mnyamavu, hata wanafunzi wenzake wakampa jina la Ng'ombe Bubu. Mwalimu wake alikuwa Mtakatifu Alberto Mkuu. Mwaka 1248 Alberto alipotumwa kutoka Paris kwenda kuanzisha masomo katika mji wa Cologne, Thoma alikwenda pamoja naye. Paris ilikuwa na sifa kuliko miji yote kwa elimu, lakini mwalimu alikuwa Cologne. Yasimuliwa ya kuwa Alberto aliwaambia waliomcheka kwamba mlio wa ng'ombe huyo utasikika duniani kote. Thoma alirudi Paris baadaye, akafundisha huko.

Basi kijana asome kwanza vitabu na makala za mwalimu anayemtaka. Aulize: Je, mwalimu huyu yuko karibu kustaafu? Ana wanafunzi wangapi sasa? Akiondoka, yuko mwingine wa kumpokea mwanafunzi? Chuo chenye mwalimu mmoja tu wa somo lake ni kama boma lenye kisima kimoja.

NANI ATALIPA?

Hapa wazazi watege sikio. Marekani, udaktari huchukua kama miaka mitano au sita, na mara nyingi zaidi. Miaka ya kwanza ni ya masomo darasani, na vyuo vingi hupokea hata mwenye shahada ya kwanza tu. Vyuo vizuri humlipia mwanafunzi wa udaktari karo na kumpa posho ya kuishi, naye husaidia kufundisha. Maombi hupelekwa kwa kawaida mwezi wa Desemba au mwanzo wa Januari kwa masomo ya mwaka unaofuata. Uingereza, udaktari ni miaka mitatu au minne ya utafiti, na kwa kawaida shahada ya pili hutakiwa kwanza. Karo ya mgeni huko ni kubwa, na asiye na ufadhili asijaribu.

Kwa hiyo shikeni kanuni hii: chuo kinachompokea kijana kwa udaktari bila kumpa msaada wowote, kikamtaka alipe yote mwenyewe, chafaa kukataliwa, hata kama jina lake lajulikana duniani. Ng'ombe huuzwa mara moja, karo huja kila mwaka. Na mwaka wa ukame ng'ombe hana bei. Tena Bodi ya Mikopo yetu, kwa sehemu kubwa, husaidia shahada ya kwanza. Familia ikitaka kuchangia, ichangie nauli, pasi ya kusafiria na ada za maombi.

WALIOTANGULIA WAKO WAPI?

Mchungaji hapeleki mifugo malishoni kabla ya kuuliza habari kwa waliotoka huko. Kijana naye akiandikie chuo aulize: Waliomaliza udaktari wa nadharia ya siasa katika miaka mitano iliyopita, leo wanafanya kazi gani? Waliingia wangapi, na wangapi hawakumaliza? Chuo chenye habari njema hujibu upesi. Kinachozungukazunguka kimekwisha kujibu. Tena awaandikie wanafunzi wenyewe walioko huko, maana wao husema yasiyoandikwa katika vitabu vya matangazo.

NYUMBANI AU UGENINI?

Wako wanaodhani ya kuwa udaktari wa nyumbani ni duni. Profesa Shivji tuliyemtaja alipata shahada ya pili London mwaka 1971, lakini udaktari wake aliupata Dar es Salaam mwaka 1982, na vitabu vyake husomwa mbali. Kampala nako, Profesa Mahmood Mamdani, aliyepata udaktari Harvard mwaka 1974 na kufundisha Dar es Salaam miaka ile, aliongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere tangu 2010 hata 2022. Mwaka 2012 ilianzishwa huko programu ya udaktari ya miaka mitano, yenye masomo ya siasa ndani yake, ili Afrika ilee watafiti wake yenyewe.

Anayetaka kufundisha Tanzania apata faida akisoma karibu. Waalimu wa hapa watamjua, na utafiti wake utahusu watu wake. Anayetaka kufundisha Ulaya au Marekani hana budi kusoma huko, kwa kuwa vyuo vya huko huajiri zaidi waliosomea huko. Aliyesoma nje akirudi, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo itakayotambua shahada yake, kwa hiyo ahakikishe mapema ya kuwa chuo chake chatambuliwa.

NENO LA MWISHO

Enyi wazazi, msimcheke kijana anayetaka kusoma mawazo. Mwalimu Julius Nyerere naye alikuwa mwalimu wa shule ya misheni Tabora kabla ya kwenda Edinburgh, alikopata shahada mwaka 1952. Mwenye elimu ya namna hiyo aweza kurudi na maneno ya kututetea. Wala msimnyime binti nafasi hiyo kwa sababu ya mahari.

Nawe kijana, usimfiche baba yako ukweli wa kazi hii. Mwambie ya kuwa ni miaka mingi, posho ni ndogo, na nafasi si ya hakika. Akijua yote akakubali, atavumilia pamoja nawe. Kwanza andika barua tatu: moja kwa mwalimu unayemtaka, moja kwa chuo juu ya posho, moja kwa mwanafunzi aliyeko huko. Majibu yakija, yasomeni nyumbani pamoja, baba na mama wakisikiliza, ombeni kwa Roho Mtakatifu mwanga wa shauri jema, ndipo muamue juu ya ng'ombe.