Umeme Unaovuja: Fyuzi Isipokatika, Kuna Hatari



Umeme ni kitu kizuri. Unawasha taa, unasukuma maji, unakata majani ya ng'ombe. Lakini umeme ukivuja huua. Huua mtu, huua na ng'ombe. Leo tujifunze jambo moja: waya wa ethi ukiwa mbovu, nyumba ina hatari isiyoonekana. Taa zinawaka, redio inaimba, na kila mtu anadhani mambo ni sawa.

WAYA WA ETHI NI NINI?

Ni waya wenye rangi ya kijani na njano. Unatoka kwenye soketi, unapita kwenye swichi kuu, unakwenda nje hadi kwenye nondo iliyopigwa ardhini. Kazi yake ni kuupa umeme uliovuja njia ya kurudi.

Fikiri mfereji wetu wa maji hapa Masama. Mfereji ukiwa safi, maji hupita upesi. Ukizibwa na matope na majani, maji huacha njia yake na kuingia pasipotakiwa. Umeme nao ni hivyo. Waya wa moto ukigusa bati la mashine, umeme hufuata waya wa ethi, hushuka kwenye nondo, hupita udongoni, hurudi kwenye transfoma. Njia ikiwa wazi, umeme mwingi hupita kwa mara moja na fyuzi hukatika. Njia ikiziba, umeme hubaki kwenye bati. Unangoja mtu aliguse.

HESABU KIDOGO

Mafundi hupima kuziba huko kwa omu. Omu chache, njia ni wazi. Omu nyingi, njia imeziba.

Umeme wa nyumbani una volti 230. Gawanya 230 kwa omu, utapata ampea zinazopita. Njia ikiwa na omu 1, zinapita ampea 230. Fyuzi ya ampea 30 hukatika mara moja. Njia ikiwa na omu 200, inapita ampea 1 na kidogo tu. Fyuzi haikatiki.

Je, mwili? Gawanya ampea moja mafungu 1,000. Mafungu 30 tu yakipita kifuani yanaweza kukaza misuli hata mtu ashindwe kupumua. Yakizidi hapo, moyo unaweza kutetemeka ovyo na kuacha kusukuma damu. Basi umeme usioweza kukata fyuzi unaweza kumuua mtu mzima.

DALILI ZA HATARI

1. Jokofu, pasi au mashine ya kukatia majani inakutekenya ukiigusa.
2. Bomba la maji linakutekenya.
3. Ng'ombe anakataa kunywa kwenye chombo cha chuma, au anaruka akikigusa. Yeye husimama kwa miguu minne kwenye sakafu yenye maji. Huusikia umeme kabla yako wewe uliyevaa viatu.

Ukiona dalili hizi, zima swichi kuu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA. Usipime mwenyewe, kwa maana kipimo hiki hufanywa umeme ukiwa unawaka.

FUNDI ATAFUTE WAPI?

Mimi ni mganga, si fundi. Lakini mwenye nyumba anayejua kuuliza hadanganyiki. Mwambie fundi apime kwenye swichi kuu, kisha apime kila soketi.

Omu zikiwa nyingi kwenye soketi moja tu, ubovu uko hapo au kwenye waya unaokwenda hapo. Skrubu imelegea, au waya umekatika.

Omu zikiwa nyingi kila mahali, hata kwenye swichi kuu, aende kwenye nondo. Pengine kibano kimeshika kutu. Pengine jembe limekata waya. Pengine nondo ni fupi, au udongo umekauka. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Nondo iliyopimwa wakati wa masika inaweza kuwa mbovu Januari na Februari, hasa huko tambarare kuelekea Rundugai. Kumwagia maji husaidia siku chache tu. Dawa yake ni nondo ndefu zaidi, au nondo ya pili iliyopigwa mbali na ya kwanza kwa urefu wa nondo yenyewe au zaidi.

Nyumba inayotegemea nondo yake yenyewe lazima iwe pia na swichi ya kinga. Ni ile yenye kitufe cha herufi T. Hukata umeme yanapovuja yale mafungu 30. Ibonyeze mara kwa mara uone kama inakata. Lakini kumbuka: kitufe hicho hupima swichi tu, hakipimi nondo. Na swichi ikikata kila mara, usiifunge wala usiiruke. Inakuambia umeme unavuja.

MTU AKINASWA NA UMEME

1. Usimguse. Zima swichi kuu kwanza.
2. Ikishindikana, simama pakavu, umsukume kwa mti mkavu. Kama ni waya wa nguzoni, kaa mbali, uite TANESCO.
3. Akiwa hapumui, mlaze chali. Bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usiache hadi apumue au msaada ufike.
4. Aliyeungua, mwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno.
5. Mpeleke zahanati au hospitali hata akisema amepona. Moyo unaweza kusumbua baadaye.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wazee wetu kuchimba vyoo. Walijifunza kwamba afya huanzia nyumbani. Nondo ya ethi nayo ni kinga ya nyumba. Itazame leo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nondo ya nyumba yako iko wapi? Ilipimwa lini?
2. Kwa nini fyuzi haikatiki omu zikiwa nyingi?
3. Nani nyumbani kwako anajua kuzima swichi kuu?