PICHA YA NDUGU: KUPANGA, KUPIGA NA KUSAMBAZA KWA UWAJIBIKAJI MJINI KEHANCHA

Utangulizi

Picha ya ndugu ni matini. Kama ilivyo kwa matini nyingine yoyote, ina wahusika, mandhari na mtazamo, na kila kipengele huathiri maana anayoipata mtazamaji. Makala haya yanaeleza hatua tatu za kuiandaa matini hiyo: kupanga, kupiga na kusambaza. Mifano imejikita Kehancha, mji ulio Kuria Magharibi katika Kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania. Inadaiwa humu kwamba hatua ya tatu, ambayo aghalabu hupuuzwa, ndiyo yenye uzito zaidi. Kosa la mwanga huiharibu picha, ilhali kosa la usambazaji laweza kumdhuru mtoto.

Kupanga

Suala la kwanza ni la kisemantiki: ndugu ni nani? Kiswahili hutofautisha ndugu wa toka nitoke, yaani wa baba mmoja na mama mmoja, na ndugu waliochangia mzazi mmoja tu. Hata hivyo, neno lenyewe hupanuka likawajumuisha binamu na watu wa ukoo. Katika boma lenye wake wengi, tofauti hiyo si ya kamusi tu. Mpiga picha akiwaita watoto wa mama mmoja pekee mbele ya wenzao, huwa amechora mpaka ambao huenda familia haikutaka uonekane. Ni vyema basi amwulize mzazi au mlezi mapema, tena faraghani, ni nani watakaosimama. Methali inayoshauri kwamba ndugu wakigombana ushike jembe ukalime inamhusu: uamuzi huo si wake.

Suala la pili ni wakati. Wakuria wanaishi pande zote mbili za mpaka, Kuria nchini Kenya na Tarime nchini Tanzania, na ndugu waliotawanyika kwa masomo au kazi hukutana zaidi likizoni. Picha hiyo ya nadra inaweza kufanywa desturi. Mpiga picha Mmarekani Nicholas Nixon alianza mwaka wa 1975 kumpiga mkewe pamoja na dada zake watatu picha moja kila mwaka, wakisimama kwa mpangilio uleule. Kwa kuwa mpangilio haukubadilika, mtazamaji huuona umri ukipita nyusoni mwao. Familia yoyote yenye simu na subira inaweza kufanya vivyo hivyo.

Kupiga

Kehancha ipo kusini kidogo mwa ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi, na vivuli huyafunika macho. Wakati ufaao ni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Vinginevyo ndugu wasimame kwenye kivuli cha baraza, nyuso zikielekea uwazi unaoleta mwanga. Ukuta mweupe au bati linalong'aa nyuma yao huihadaa kamera, nayo ikazitia giza nyuso nyeusi. Dawa yake ni kupimia mwanga usoni: katika simu nyingi, hugusa tu uso kwenye kioo kabla ya kupiga.

Kuwapanga kwa foleni kutoka kifungua mimba hadi kitinda mimba huonyesha umri, lakini hauonyeshi uhusiano. Wengine wakikaa na wengine wakasimama, vichwa vikaunda umbo la pembetatu, bega likagusa bega, udugu hudhihirika bila maelezo. Kitinda mimba ndiye huchoka kwanza. Aingizwe mwisho, wenzake wakiwa tayari. Kamera ishushwe hadi usawa wa macho ya watoto. Hatimaye, zipigwe picha kadhaa mfululizo, kwani kadiri watu wanavyoongezeka ndivyo uwezekano wa mmoja wao kufumba macho unavyoongezeka.

Kusambaza

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inadai idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na kwamba maslahi ya mtoto yalindwe. Matumizi ya kifamilia tu hayabanwi na sheria hiyo, lakini studio inayoibandika picha ya watoto kwenye tangazo lake haimo katika msamaha huo. Mwezi Septemba 2023, shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Katika eneo la Kuria suala hili lina uzito wa pekee. Ukeketaji umepigwa marufuku kwa sheria ya mwaka wa 2011, lakini wapo wasichana ambao hulazimika kuzikimbia nyumba zao msimu wa tohara unapowadia mwezi wa Desemba. Picha ya dada wawili wakitabasamu, huku sare ya shule au kibao cha makazi kikionekana nyuma yao, inaweza kumwelekeza anayewatafuta. Hata pasipo kibao, faili ya picha inaweza kubeba alama za mahali ilipopigwiwa. Kwa hiyo alama hizo zizimwe kwenye kamera ya simu, majina kamili yasiandikwe, na picha ya msichana aliye mafichoni isisambazwe kabisa, hata kama ni nzuri kiasi gani.

Hitimisho

Mzazi atoe idhini, lakini mtoto anayeweza kujieleza naye aulizwe, na jibu lake la kukataa liheshimiwe. Idhini ya kupiga isichukuliwe kuwa idhini ya kusambaza. Yaulizwe maswali mawili. Ndugu mmoja akibadili nia baadaye, picha iondolewe, ingawa nakala zilizokwisha kupakuliwa hazirudi: maji yakimwagika hayazoleki. Nakala iliyosafishwa karatasini, ikatundikwa sebuleni, inabaki kuwa njia salama ya kuihifadhi picha hiyo kwa ajili ya wale waliomo ndani yake.