Usinunue kinanda kwa haraka

Kabla hujatoa pesa, kigeuze hicho kinanda usome kibandiko cha chini. Ndiyo, hata kama muuzaji anakwambia kuna wateja wengine watatu wako njiani. Ukiona kimeandikwa 100V, jua kilitengenezewa soko la Japani, na kimefika Nakuru kama ilivyofika Probox ya shemeji yako. Tofauti ni kwamba Probox haichomekwi ukutani. Stima yetu ni volti 240.

Nasema haya kwa uchungu. Kinanda cha kwanza nilichonunua kwa pesa yangu nilikipakata kwa bodaboda kutoka mjini hadi Free Area, nikiwa nimeshapanga harusi ngapi nitapiga kabla ya Desemba. Plagi yake ya miguu miwili bapa ingenishtua, lakini nikatafuta soketi ya kuunganishia nikaendelea. Taa zote ziliwaka kwa sekunde mbili hivi, kisha nyumba ikanuka mpira ulioungua. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba "kiko sawa kabisa". Na kweli kilikuwa sawa, huko Japani. Nilichokosa ni transfoma ya kushusha umeme, na subira ya kumuuliza fundi wa redio swali moja.

Kama kinanda kinatumia adapta, hatari inabadilika lakini haiishi. Casio nyingi za zamani zilitaka volti 9, chanya ikiwa upande wa nje wa kile kichwa cha waya. Yamaha za familia ya PSR, zile unazoziona karibu kila kanisa la mtaani, nyingi zinataka volti 12, chanya ikiwa ndani. Kuna mchoro mdogo wa duara nyuma ya kinanda unaoonyesha hivyo. Ulinganishe na ule ulio kwenye adapta. "Inaingia" si sawa na "inafaa".

Halafu kuna vumbi. Jina lenyewe la Nakuru linasemekana limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na mtu aliyeishi hapa Januari hahitaji kuelezwa zaidi. Chini ya kila kibonyezo cha kinanda cha kawaida kuna kifuko cha mpira chenye doa jeusi la kaboni. Ukibonyeza, lile doa linagusa bodi na sauti inatoka. Vumbi likiingia hapo katikati, noti inakataa, au inatoka kwa kishindo hata ukigusa polepole. Watu wengi huuza kinanda kwa bei ya kutupa kwa sababu ya noti nne zilizokufa. Hapo ndipo bahati yako ilipo, mtu wangu. Skrubu, kitambaa laini na spiriti safi ya kusafishia vifaa vya umeme mara nyingi humaliza kazi mchana mmoja. Piga picha kabla ya kufungua, maana skrubu za urefu tofauti zitakuchanganya.

Sasa tuseme kimewaka. Una nini mkononi?

Usidharau kwa sababu ni kidogo. Mwaka 1981 Casio walitoa kinanda kidogo cha bei nafuu kiitwacho MT-40. Midundo yake ilitungwa na Hiroko Okuda, dada aliyekuwa ametoka tu chuo cha muziki na ambaye alikuwa ameandika utafiti wake kuhusu reggae. Mdundo mmoja uliitwa tu "rock". Kinanda hicho kikafika Jamaica, Wayne Smith na mwenzake Noel Davey wakaupata mdundo huo, King Jammy akaupunguza kasi, na mwaka 1985 ikatoka "Under Mi Sleng Teng". Kabla ya hapo, riddim nyingi zilihitaji mpiga besi na mpiga ngoma studioni. Baada ya hapo, dancehall ikahamia kwenye mashine. Kwa hiyo ile Jumapili jioni ukiruka na reggae pale klabuni, sehemu ya unachorukia ilianzia kwenye kitu kinachofanana na kichezeo cha mtoto.

Sauti nyingine unayoijua bila kuijua ni ile ya piano ya umeme inayong'aa kama kengele, ambayo mpiga kinanda huishika mhubiri anapoanza kuomba kwa sauti ya chini. Ile ilienezwa na Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Ndani yake hamna nyundo wala uzi. John Chowning, mwanamuziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amegundua kwamba ukiutumia mtetemo mmoja kuutikisa mwingine kwa kasi kubwa, unazaliwa mlio mpya kabisa. Leo huhitaji kuitafuta DX7 yenyewe. Programu iitwayo Dexed inaiga kazi yake kwenye kompyuta, bure.

Mwaka huohuo wa 1983 makampuni yalianza kutumia lugha moja ya vinanda kuzungumza, MIDI, na hapa ndipo mitumba inakuwa tamu. Kinanda chenye spika iliyopasuka lakini chenye tundu la MIDI, au USB kwa vya baadaye, bado kinaweza kuamrisha sauti zilizo kwenye laptopu au simu yako. Muuzaji anauza "kibovu". Wewe unanunua vibonyezo.

Vile vikubwa vya kitaalamu vina raha yake, sibishi. Lakini bei ya kimoja kipya inaweza kukununulia ng'ombe wa maziwa kule Molo na chenji ibaki, na sijaona mtu akifukuzwa harusini kwa kukosa Korg ya juu. Nimeona watu wakikosa kuitwa tena kwa sababu nyingine: wanabonyeza mtindo namba fulani, wanashika kodi tatu, na kila wimbo unatoka ukifanana na wa bendi iliyopiga wiki iliyopita. Vinanda vingi nilivyoshika vina polka na bossa nova tayari. Benga hakuna. Mugithi hakuna. Besi ya benga inabidi uitafute kwa mkono wako wa kushoto mpaka mkono uchoke.

Kaskazini mwa Uganda walikumbana na swali kama hilo. Kundi zima la ngoma za harusi za Kiacholi lilikuwa ghali kuliko uwezo wa familia nyingi, basi watu kama Leo Palayeng na Otim Alpha wakaipeleka ngoma ile kwenye kompyuta, kasi yake yote ikiwemo. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Otim Alpha, "Gulu City Anthems", na harusi za Gulu zikasikika hadi Ulaya.

Sisi tuna nini cha kupeleka? Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kipsigis pale Kapkatet, Kericho, wakiimba "Chemirocha" kwa ala ya nyuzi. Zaidi ya miaka 60 baadaye rekodi zile zilirudishwa kijijini, na baadhi ya waliohusika walikuwa bado hai. Leo simu yako inaweza kufanya alichofanya Tracey kwa gari zima la mitambo. KMRU wa Nairobi, mjukuu wa yule Joseph Kamaru mkongwe na mwenye jina lake, amejijengea jina duniani kwa kurekodi sauti za mazingira na kuzigeuza muziki. Kuna programu ya simu iitwayo Koala Sampler: unarekodi noti moja, unaitandaza kwenye vibonyezo.

Kwa hiyo kama babu yako huko Elburgon au Kuresoi bado ana ala ukutani, nenda naye polepole. Mwambie unataka kuifanyia nini, mwachie apige wimbo mzima kwanza, na wimbo ukileta hela umkumbuke kabla ya kununua spika nyingine. Rekodi asubuhi, kabla mabati hayajaanza kulia kwa jua. Na uzime simu isipokee meseji. Mimi nina rekodi moja nzuri sana yenye mlio wa M-Pesa katikati.